Spea za paneli ya umeme ya boti ukiwa Tanga: Ngamiani, duka la sola, Kariakoo, Mombasa au uagize nje?

Swichi moja ya paneli imekufa, au breka haishiki tena ukiiinua inarudi chini, au umefungua nyuma ukakuta kumekuwa kijani kote na waya mmoja umekatikia kwenye mdomo wa terminali. Spea unaitoa wapi? Duka la vifaa vya boti peke yake, la kuingia na kuchagua kama mtu anavyochagua spea ya bodaboda, hapa kwetu si kitu cha kukuta kila kona, kwa hiyo mwenye boti Tanga anabaki na njia kama sita hivi na kila fundi atakusifia ile aliyoizoea yeye.

Mi msimamo wangu ni huu: usichague duka kwanza, chagua kipande kwanza. Paneli hiyo hiyo moja ina vipande ambavyo ukivinunua Ngamiani saa nne asubuhi, adhuhuri boti iko majini na hujapungukiwa na kitu, na ina vipande vingine ambavyo ukiweka cha kubahatisha unaweza kuiunguza boti, au ukaamka ukaikuta imekaa chini pale Sahare kwa sababu pampu ya kufua maji haikuwaka usiku. Sasa anayekwambia "nunua kila kitu dukani kwa gari, umeme ni umeme" na anayekwambia "usiguse kitu bila kuagiza Marekani" wote wawili wanakupotosha, mmoja kwenye usalama na mwingine kwenye mfuko.

Kabla hujatoka nyumbani

Toa waya wa hasi kwenye betri, piga picha nyuma ya paneli kabla hujagusa chochote, alafu chomoa kile kipande uende nacho mkononi, maelezo ya mdomo kwa muuza duka hayasaidii. Ila kabla hata ya kutoa huo waya wa betri na kukichomoa, kipime kwanza umeme ukiwepo. Washa ile swichi na kifaa chake kikiwa kinafanya kazi, weka mita upande mmoja na upande wa pili wa swichi. Swichi nzima inakupa karibu na sifuri. Ukiona nusu volti au zaidi inapotelea hapo basi vidole vya ndani, vile vinavyogusana kupitisha umeme, vimeungua na inabidi ibadilishwe. Ukiona sifuri na taa bado ni hafifu, swichi haina kosa, tatizo liko kwenye terminali au waya au kwenye ile njia ya hasi ambayo watu wengi wanaisahau, na hapo utaokoa hela ya spea maana dawa yake ni kukata inchi mbili za waya ulioliwa na kubana terminali mpya.

Kwenye kipande soma vitu vinne. Volti, 12 au 24, boti zetu ndogo za mashine za petroli karibu zote ni 12 na zile kubwa zenye injini ya dizeli nyingi ni 24. Ampia. Aina ya umeme, utaona imeandikwa VDC au VAC, au kuna alama, mstari ulionyooka wenye vidoti chini yake ni DC, umeme wa betri, na alama ya wimbi ni AC, umeme wa nyumbani. Na cha nne ni tundu lenyewe kwenye paneli, hili watu hawalipimi kabisa alafu wanarudi na swichi nzuri isiyoingia. Swichi nyingi za kijiti zinakaa kwenye tundu la milimita 12, na zile pana za kubonyeza za mtindo wa Contura ambazo zimejaa kwenye boti za faiba zinataka tundu la kama milimita 37 kwa 21. Ukiwa na kipimo hicho kwenye simu hata muuzaji wa Dar unaweza kumuuliza kwa kumtumia picha.

Ngamiani, maduka ya spea za magari na pikipiki

Hapa ndo pa kuanzia na sioni haya kusema hivyo hata kama kuna watu wa boti wanaopadharau. Gari ndogo ni volti 12 DC kama boti yako, lori ni 24 DC, kwa hiyo vitu vya ndani ya mfumo wa gari vinaongea lugha moja na paneli yako. Fyuzi za bapa ni zile zile kabisa, na rangi zake ni za dunia nzima: 5 ni khaki, 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 25 nyeupe ya kuonyesha, 30 kijani. Boksi la fyuzi la gari lenye mfuniko, kishikio cha fyuzi cha kwenye waya, rilei, swichi za kijiti, terminali, vyote unavipata kwa kuzunguka zile barabara za namba bila kupanda hata daladala, na ukikosea saizi unarudi kubadilisha siku hiyo hiyo, jambo ambalo kwa kuagiza nje halipo.

Paneli za zamani zenye fyuzi za kioo, pima urefu kwa rula. Kuna ndefu za milimita 32 na kuna fupi za milimita 20, na mtu akilazimisha fupi kwenye kishikio cha ndefu kwa kukunja bati inashika kwa ncha tu, inapata moto, baadaye utaona plastiki imebadilika rangi. Ushauri wangu kwa mwenye paneli ya fyuzi za kioo ni ahamie za bapa moja kwa moja, zinashika kwa nguvu zaidi na hata usiku kwenye kiza cha bahari unaweza kuibadilisha kwa kupapasa.

Palipo na udhaifu ni chumvi. Swichi ya gari imetengenezwa ikae ndani ya kabini kavu, miguu yake mara nyingi ni chuma kilichopakwa tu kitu cha kung'aa, na kwa boti inayolala nje pwani yetu ya Tanga, kama Deep Sea au Kigombe, hewa peke yake inatosha kuianzishia kutu hata kama haijapigwa na wimbi. Chukua sumaku ndogo uende nayo dukani. Mguu wa swichi au terminali ikinasa kwenye sumaku ni chuma, iache, tafuta ya shaba au brasi. Kwa taa ya ndani au soketi ya kuchajia simu mi naweka ya gari bila wasiwasi, ikifa nitabadilisha, kwa pampu siweki. Na fyuzi feki zipo pia, nyepesi sana, namba haijasomeka vizuri, na fyuzi ambayo haikatiki inapotakiwa kukatika ni sawa na kufunga kipande cha waya pale, kwa hiyo kwenye kitu hiki kidogo lipa zaidi kidogo uchukue ya jina linalojulikana.

Jambo moja la kushika kwa wenye mashine za petroli zilizofungiwa ndani au tenki lililo chini ya sakafu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia kwenye ngama, yani chini kabisa ndani ya boti. Swichi au rilei ya gari inapofunguka inatoa cheche ndogo. Kwenye chumba kama hicho unatakiwa kuweka kifaa kilichofungwa cheche isitoke nje, kile kinachoandikwa kimefuata ISO 8846 au SAE J1171, na hicho Ngamiani hukipati. Kama huna, hamisha swichi nje ya chumba cha tenki, hiyo ni bure.

Duka la umeme wa nyumba dhidi ya duka la sola

Hapa ndo pana hatari kuliko pote kwa hiyo soma taratibu. Breka ya nyumbani, ile nyeupe ya kwenye meinswichi, imetengenezwa kukata umeme wa AC. Umeme wa TANESCO ni hezi 50, maana yake mkondo unashuka mpaka sifuri mara 100 kila sekunde, sasa breka inapofunguka ile cheche inayoruka katikati ya vidole vyake inazimika umeme unapopita kwenye sifuri. Umeme wa betri haushuki sifuri, unasukuma upande mmoja muda wote, kwa hiyo cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka ambayo tayari imefunguka. Kwa volti 12 cheche ni fupi na breka nyingi za AC zitakata mizigo ya kawaida, ndo maana fundi atakwambia "bosi mbona nimefunga nyingi na hazijaleta shida", na anasema kweli kwa alichokiona. Siku mbaya ni siku ya shoti. Betri ya ampia-saa 100 ikipigwa shoti inaweza kutoa ampia elfu moja na zaidi kwa mkupuo, na kifaa ambacho mtengenezaji hajakiandikia DC hakuna aliyekuahidi kitafanya nini hapo.

Kuna breka za AC za kampuni kubwa ambazo ubavuni zimeandikwa na DC pia, volti 48 au 60 kwa kila nguzo, yani kila njia ya umeme ndani ya breka. Hizo zinafaa. Isiyoandikwa usibishane na muuzaji, toka.

Duka la sola ndo jibu ambalo wengi hawajaliona. Tangu sola zienee kila kona maduka haya yanauza breka za DC za kweli, za ampia 10, 16, 20, 32, 63, na yanauza vishikio vya fyuzi kubwa za betri, terminali nzito na waya mnene wa nyuzi nyingi, vyote kwa ajili ya betri za 12 na 24, yani kazi ile ile ya boti. Ukilinganisha na duka la magari, hapa breka ni bora, ukilinganisha na kuagiza nje unaipata leo. Shida zake ni mbili. Ya kwanza ni umbo, breka hizi zinakaa kwenye reli ya milimita 35 na kila nguzo ina upana wa milimita 18, hazitaingia kwenye matundu ya paneli yako ya zamani, kwa hiyo unahitaji boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, IP65 hivi (alama ya kuzuia vumbi na maji), ulifunge ukutani mwa kabini. Ya pili ni alama za kujumlisha na kutoa kwenye baadhi ya breka. Ukiziona, breka hiyo ni ya upande mmoja, umeme lazima uingie pale palipoandikwa, ukigeuza uwezo wake wa kuzima cheche unapotea. Na kwenye laini ya betri ambayo umeme unatoka kwenda kutumika na pia unarudi kuchaji usiweke yenye alama kabisa, tafuta isiyojali upande.

Alafu ampia 16 si ya kuweka kila mahali kwa vile ndo iliyopo dukani. Fyuzi na breka kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Taa za njia za LED zinakula chini ya ampia moja na waya wake ni mwembamba, waya huo ukipiga shoti nyuma ya breka ya 32 utawaka wenyewe kabla breka haijashtuka. Weka breka ya sola kama kinga ya kundi zima, kisha kila kifaa kipite kwenye fyuzi yake ndogo ya bapa kwenye boksi la gari. Mchanganyiko huu, breka kutoka duka la sola na boksi la fyuzi kutoka Ngamiani, mi naona ndo paneli bora ya bei nafuu mtu wa Tanga anayoweza kujenga bila kusubiri mzigo wa mtu.

Waya na terminali

Hili watu wanaliruka wanakimbilia swichi wakati paneli nyingi zinakufa kwa waya. Waya wa nyumba wa uzi mmoja mgumu usiuweke kwenye boti, mtetemo wa mashine unaukata polepole pale ulipokunjwa. Waya wa gari wa nyuzi nyingi unafaa, waya wa sola mara nyingi ni bora zaidi kwa sababu nyuzi zake zimepakwa bati, ukiumenya unaona weupe badala ya wekundu wa shaba, na bati ndo inayozuia chumvi kutambaa ndani ya mpira. Waya wa boti kabisa wa kuagiza ni huo huo wa kupakwa bati wenye nyuzi nyembamba zaidi. Kwa hiyo kama duka la sola lina saizi yako sioni sababu ya kulipia usafiri wa waya kutoka ng'ambo.

Unene ndo wa kuhesabu. Chukua pampu inayokula ampia 8, betri iko mita 6 kutoka pampu, kwenda na kurudi ni mita 12. Kwa mfumo wa volti 12, waya wa milimita mraba 1.5 unapoteza zaidi ya volti 1, karibu asilimia 9, pampu inazunguka kivivu. Wa 2.5 unapoteza kama asilimia 5 na nusu, wa 4 kama asilimia 3 na nusu. Kanuni za boti za Marekani, zile za ABYC, zinataka taa za njia na laini inayolisha paneli zisipoteze zaidi ya asilimia 3, na vitu visivyo vya hatari vinaruhusiwa mpaka 10. Mi pampu naihesabu na vya hatari.

Terminali zibanwe kwa plaisi yake ya kubania, sio nyundo wala meno ya plaisi ya kawaida, na kulehemu peke yake kusitegemewe maana risasi inaufanya waya kuwa mgumu na unavunjikia pale risasi inapoishia. Vaa juu yake mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Selotepu nyeusi kwenye joto letu inalegea na kuacha unyevu ndani.

Kariakoo au Mombasa?

Tukija kwenye vitu ambavyo Tanga huvipati, swali linakuwa Dar au Mombasa. Kwa barabara Dar ni kama kilomita 350, Mombasa ni karibu nusu ya hapo, mpaka Horohoro ni kama kilomita 65 tu kutoka mjini. Kwa ramani Mombasa inashinda. Kwa kazi halisi inategemea.

Dar unaweza kufanya bila kutoka Tanga, na hilo ndo lenye uzito. Unamtumia picha mtu wako Gerezani au Kariakoo, anazunguka, anakutumia picha ya alichokipata, unalipa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi na unaupokea stendi ya Kange. Hakuna forodha. Uzuri wa Kariakoo ni wingi wa swichi, breka, taa, vishikio, paneli za kichina zilizokamilika zenye swichi sita au nane na mwanga wa bluu. Ubaya ni kwamba muuzaji huyo huyo ana ya aina tatu zinazofanana sura na hakwambii tofauti usipouliza. Mwambie mtu wako apige picha mgongo wa kifaa, sio uso, maandishi yote yako mgongoni. Kisha mwambie aulize kama kinarudishika.

Mombasa kuna utamaduni wa boti wa muda mrefu, kuanzia mjini mpaka Mtwapa na Kilifi kuna boti nyingi za uvuvi wa michezo na mashua za wageni, kwa hiyo fundi wa kule akiona swichi ya boti anaijua kwa jina na pengine anajua nani anayo. Kwa kitu maalumu, mfano swichi ya betri ya 1-2-zote (ya kuchagua betri ya kwanza, ya pili au zote) au breka ya mtindo wa Marekani, mi ningeanza kuulizia kule kabla ya Dar. Ila piga simu kwanza, usiende kwa kubahatisha, na ukirudi na mzigo pitia forodha Horohoro uutangaze. Swichi iliyotengenezwa Marekani au China haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu imeuzwa Mombasa, ushuru wake uko pale pale, na mabishano ya mpakani kwa kifaa cha kukaa mfukoni hayana faida.

Kwa mzigo wa vitu vingi vya kawaida nachagua Dar. Kwa kipande kimoja chenye jina nachagua Mombasa.

Kuagiza nje

Majina ya kuyajua ni machache. Blue Sea Systems ni wa Marekani, BEP asili yake ni New Zealand, na wote wawili tangu 2018 wako chini ya Brunswick. Carling ndo anayetengeneza swichi za Contura na zile breka za kijiti ambazo zimejaa kwenye paneli za boti za Marekani, naye tangu 2021 ni wa Littelfuse. Hii inakusaidia hivi: paneli yako inaweza kuwa na jina la mtengeneza boti mbele, lakini ukiichomoa breka nyuma utakuta jina la Carling na namba ndefu. Tafuta kwa namba hiyo, usitafute kwa jina la boti, na mara nyingi kipande kinapatikana kwa muuzaji wa kawaida wa vifaa vya umeme kwa bei ya chini kuliko kwa muuzaji wa boti.

Faida ya kuagiza ni kwamba kinaingia kwenye tundu lile lile bila kukata chochote na kimeandikwa uwezo wake kweli. Hasara ni muda, usafiri ambao unaweza kuzidi bei ya kifaa, VAT ya asilimia 18 na ushuru, na kwamba kikija kisicho sahihi kimeshakuwa chako. Ndo maana ukiagiza agiza kwa mkupuo, breka mbili tatu za akiba, swichi, mipira ya kufunika, au ungana na wenzako wa boti zinazofanana mgawane usafiri. Wakala wa mizigo wa China anakubebea kwa bei nafuu zaidi, lakini huko ndiko zinakotoka pia nakala za swichi za betri zenye sura ile ile ya Blue Sea na shaba nyembamba ndani, kwa hiyo angalia unanunua kwa nani.

Tena angalia skrubu. Vifaa vya Marekani vinatumia vipimo vyao, ya 10-32 inakaribiana sana na yetu ya M5 kiasi kwamba nati inaanza kuingia vizuri kisha inaharibu uzi, na ya 8-32 na M4 haziendani kabisa. Ukiagiza "basi baa" (kipande cha shaba cha kukusanyia waya nyingi) au kitalu cha terminali agiza na skrubu zake za akiba, zikidondoka kwenye ngama hutazipata Ngamiani. Na kama unabadilisha bolti usiweke washa ya stenlesi katikati ya terminali mbili, stenlesi inapitisha umeme vibaya, terminali zigusane shaba kwa shaba na stenlesi ikae juu kubana tu.

Vya kuchomoa kwenye boti iliyokufa

Haraka haraka: paneli yenyewe, basi baa ya shaba, vibao vya majina, vifuniko, chukua ukisafisha vinarudi hali yake. Breka na swichi zilizokaa miaka kwenye chumvi usichukue, huwezi kuona hali ya vidole vya ndani na breka ya zamani inaweza kugoma kukata au ikakata bila sababu.

Ubadilishe kipande au paneli nzima?

Kama kilichokufa ni kimoja au viwili na nyuma kumekauka vizuri, badilisha kipande. Kama nyuma kote ni kijani, terminali zinavunjika ukizigusa na hujui waya upi unaenda wapi, kipande kipya utakuwa unakifunga kwenye ugonjwa. Hapo jenga upya. Paneli ya kichina ya Kariakoo iliyokamilika inavutia kwa bei, lakini ifungue kabla hujaifunga, nyingi zimeunganishwa nyuma kwa waya mwembamba unaoruka kutoka swichi moja kwenda nyingine, na waya huo mmoja unabeba mzigo wa swichi zote. Toa huo, weka mnene uliopakwa bati, hapo inakuwa paneli ya kuaminika kwa taa na redio.

Kwa kila kipande ningechagua hivi

Taa za njia, taa za ndani, soketi ya simu: swichi ya gari yenye miguu ya brasi na fyuzi ya bapa, Ngamiani. Redio ya VHF na GPS vivyo hivyo, ila waya wake uwe mnene maana redio inaposema ndo inakula ampia nyingi, kwa redio ya wati 25 ni kama 5 mpaka 6, na volti ikishuka hapo sauti haifiki mbali.

Kinga kuu ya betri: fyuzi nzito kutoka duka la sola au ya kuagiza aina ya ANL au MRBF, ifungwe karibu kabisa na betri, kanuni ya ABYC ni inchi 7. Waya wa kutoka betri mpaka kwenye fyuzi hauna kinga yoyote, ndo maana uwe mfupi.

Swichi ya betri: hii subiri, agiza au tafuta Mombasa. Ile nyepesi ya ufunguo mwekundu ya maduka ya magari kwa mashine ya kuwasha kwa umeme na betri mbili haitoshi. Swichi nzuri ya boti inaandikwa ampia za muda wote, mfano ile ndogo ya Blue Sea m-Series ni 300, na unapoizungusha kutoka betri ya kwanza kwenda ya pili inashika mpya kabla ya kuachia ya zamani. Ya ovyo inaachia katikati mashine ikiwa inazunguka, chaji inakosa pa kwenda, volti inaruka na inaua rektifaya ya mashine, ile inayogeuza umeme wa kuchajia kuwa DC, na bei ya hiyo unaijua.

Pampu ya kufua maji: hapa ndo ningeweka hela ya kwanza kabla ya taa yoyote ya bluu. Swichi ya pande tatu, otomatiki upande mmoja, kuzima katikati, kuwasha kwa mkono upande wa pili, iwe ya boti au angalau iliyofungwa maji isiingie. Laini ya otomatiki itoke betri moja kwa moja kupitia fyuzi yake yenyewe, isipitie swichi kuu, ili ukizima boti yote na kwenda nyumbani ile swichi ya kuelea, inayowasha pampu maji yakipanda, ibaki na umeme. Saizi ya fyuzi ni ile iliyoandikwa kwenye pampu, si ya kukisia, kwa sababu takataka ikinasa kwenye feni pampu inasimama huku inavuta umeme, na fyuzi kubwa mno itaiacha iungue. Kiungo cha waya chini kwenye ngama kipandishe juu kadiri waya unavyoruhusu, kivike mpira wa gundi, kisha mwaga ndoo ya maji ngamani uone pampu inawaka yenyewe ukiwa umezima kila kitu kwenye paneli. Rudia kumwaga kila wiki, hasa kipindi cha mvua za masika na kusi linapoanza, boti zikiwa zimefungwa na hakuna anayezitembelea kila siku.